Sauti ya Tatu ni ya Marehemu

Sehemu ya Sita: Jiwe Chini ya Blanketi

Kwa aliyechelewa kunifuata, naanza na dhambi yenyewe, ndipo twende mbele.

Mimi ni Tressie Halcomb, binti wa mchimba makaa ya mawe wa bonde la Lick Fork, Kentucky. Kwa miaka tisa Marekani nzima ilinijua kwa jina la Lovina Stidham. Lovina hakuwa mimi. Alikuwa rafiki yangu na jirani yangu, na alikufa kwa homa akiwa na miaka kumi na tisa, siku nne kabla ya yeye na dada zake wawili, Orlena na Dulcie, kwenda kujaribiwa kwenye redio kule Knoxville.

Mabango yalikuwa yamekwisha kuchapwa: Kina Dada Stidham, sauti tatu, damu moja. Watu wa milima yetu wanaamini kwamba ni sauti za damu moja tu zinazoweza kushikana bila kuacha ufa. Meneja wao, Hobart Crigger, alisema dada wawili wapo kila kona, watatu ndio habari. Na mimi nilikuwa nimekaa jikoni mwao tangu utoto, nikiijua ile sauti ya juu ya Lovina kuliko nilivyojua sala zangu.

Mama yao, Mama Zona, alinivika gauni la marehemu kwa mikono yake mwenyewe. "Ni siku moja tu, mwanangu," akaniambia.

Siku moja ikawa miaka tisa. Wiki iliyopita nilisimulia tulivyopanda kutoka kumbi za shule hadi jukwaa kubwa la Nashville, huku Lovina akilala mlimani kwetu chini ya jiwe la mtoni lisilo na herufi hata moja, kwa sababu jiwe lenye jina lingetuumbua. Leo nasimulia jinsi jiwe lile lilivyopata mwenziwe.

Ilikuwa Februari, 1961. Tulikuwa studio tukirekodi "Nitunzie Kiti". Wimbo huo aliutunga Lovina akiwa na miaka kumi na sita, akimenya viazi:

Nitunzie kiti mezani, mama,
nitachelewa, lakini nitakuja.

Miaka yote tulikuwa tumekataa kuuimba. Hatukusema kwa nini. Ila mwaka ule Crigger aliukuta kwenye daftari la Orlena, akasema huu ndio utakaotufikisha kileleni.

Tuliuimba mara moja tu. Fundi mitambo, kijana mpole aitwaye Wendell, akavua vifaa vyake vya kusikilizia masikioni, akatutazama kupitia kioo.

"Nani wa nne?" akauliza.

"Wa nne wapi?" Orlena akamjibu. "Una macho, hesabu."

"Nimehesabu. Mko watatu. Lakini kuna pumzi ya mtu wa nne. Njooni msikilize."

Akarudisha utepe. Kabla ya mstari wa pili, kabla ya neno "nitachelewa", tukasikia mtu akivuta pumzi mbili fupi, moja juu ya nyingine, kama mtoto aliyetoka kulia.

Dulcie akaketi chini palepale, sakafuni.

Lovina alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni. Hakuna mwingine aliyevuta pumzi hivyo. Mimi huvuta moja, ndefu, kutoka tumboni.

"Ni wewe?" Orlena akaninong'oneza.

"Ni mimi," nikasema.

Sikuhisi kifua changu kikifanya vile. Mbele za Mungu nasema, sikuhisi.

Crigger hakujali. "Iacheni hapohapo," akamwambia Wendell. "Inasisimua. Watu wanapenda kusisimuliwa."

Hakukosea. Kufikia Aprili, "Nitunzie Kiti" ilikuwa namba moja. Barua zilikuja kwa magunia. Wanawake waliofiwa waliniandikia kwamba wanasikia watoto wao ndani ya sauti yangu. Nilizisoma zote. Nikipiga magoti kuwaombea, nilikwama mwanzoni kabisa, maana sikujua nijitambulishe kwa Mungu kwa jina gani.

Ndipo jarida moja kubwa la picha likaandika: linataka kuja kwetu Lick Fork, likatupige picha tukiwa nyumbani, na litakuja Jumapili ya mwisho ya Mei.

Jumapili ya mwisho ya Mei ndiyo siku yetu ya kupamba makaburi.

"Siku nyingine yoyote," Orlena akamwambia Crigger. "Lakini siyo hiyo. Pale juu kuna lile jiwe."

"Jiwe lina jina?"

"Halina."

"Basi halina mdomo," Crigger akasema. "Niachieni mimi."

Alitangulia bondeni wiki nzima kabla yetu, akapita nyumba kwa nyumba. Msifikiri watu wa kwetu walihitaji kufundishwa. Bonde zima lilijua mimi ni nani. Walinizika jina bila mtu kuwaomba, kwa sababu redio ilipotaja Lick Fork kila Jumamosi, kila mmoja wao alihisi ametajwa yeye. Mgeni akiuliza habari za Tressie Halcomb, jibu lilikuwa moja: alikwenda Ohio, anafanya kazi kiwandani.

Tulipofika Ijumaa, Mjomba Ples, kaka yake Mama Zona, alikuwa ameketi barazani akichonga kijiti.

"Karibu, Lovina," akaniita kwa sauti kubwa, na hakukuwa na mgeni hata mmoja.

"Mjomba, ni sisi tu hapa."

"Nafanya mazoezi. Wewe unafanya mazoezi ya kuimba, mimi nafanya ya kusema uongo. Nani kati yetu atakwenda motoni kwanza?"

"Wewe, Mjomba. Umenitangulia kuzaliwa."

Akacheka hadi akakohoa. Mimi nilicheka pia.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa mama yangu mzazi.

Sijamsema sana mama yangu katika habari hizi, na hiyo pia ni dhambi. Jina lake Arminta Halcomb. Nyumba yake ipo ng'ambo ya kijito, na kutoka jikoni mwa Mama Zona unaona moshi wake. Nilimkuta mezani akitengeneza maua ya karatasi, akiyachovya moja moja kwenye nta iliyoyeyuka ili mvua isiyaharibu. Ndivyo tunavyofanya. Waridi halisi hunyauka, la nta hukaa mwaka mzima.

"Kaa," akasema. Hakunyanyua uso.

Nikakaa.

"Kesho nikuite nani?"

"Mama."

"Nauliza. Yule bwana mwenye kofia amepita hapa, ameniambia nichunge ulimi wangu. Nikuite nani?"

"Lovina."

"Na mimi nitakuwa nani wako?"

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa na malengelenge ya nta.

"Jirani," nikasema.

Akachovya ua, akalitikisa, akaliweka juu ya gazeti. "Haya. Miaka tisa nimekuwa jirani kwa watu wa redio. Sasa nitakuwa jirani kwa watu wa picha."

"Ni kesho tu, mama. Baada ya hapo nitatafuta namna ya kulimaliza hili."

"Ndivyo Zona alivyokuambia. Siku moja tu." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe unapenda kuwa yeye?"

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimeomba miaka mingi Mungu anirudishie jina langu. Lakini swali lake lilinishika vibaya, kwa sababu Tressie Halcomb akiimba peke yake ana sauti nzito ya kawaida, kama ya mwanamke yeyote anayefua nguo. Ile sauti ya juu huja tu nikivaa jina la mwenzangu.

"Sijui," nikajibu.

"Basi usiniambie kwamba utalimaliza," mama akasema, akachukua ua jingine.

Nikatoka bila kumbusu. Nje nikaliona gari la Crigger likipanda taratibu kuelekea kwa Mama Zona, limelalia nyuma kana kwamba limebeba magunia ya mawe. Sikulitilia maanani.

Jumapili ikaja, jua jeupe, umande bado majanini. Tulipanda mlimani na majembe, reki, vikapu vya chakula na maua. Wanaume wakafyeka na kuyainua matuta ya makaburi yawe kama mapya. Wanawake wakatandaza vitambaa juu ya meza ndefu za mbao: kuku wa mchuzi, maharage, mkate wa mahindi, keki za tofaa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka.

Mtu wa jarida aliitwa Bwana Prentiss. Alikuwa mwembamba, mstaarabu, mwenye kamera shingoni na daftari mfukoni. Alipiga picha kila kitu. Alipofika kwa Mjomba Ples, akamwuliza kama kweli sauti tatu zile ni za damu moja.

"Bwana," Mjomba Ples akamwambia, "zimefanana hadi mbwa wangu huwachanganya."

Watu wakacheka. Bwana Prentiss akaandika.

Mimi nilikuwa natazama pengine. Kando ya lile jiwe la mtoni palikuwa na kitu kimesimama, urefu wa goti, kimefunikwa blanketi la viraka. Blanketi lile nalijua. Lilikuwa la kitanda cha Lovina.

Dulcie akanikamata kiwiko. "Umeona?"

"Nimeona."

"Mama amemwekea jiwe. Leo. Mbele ya huyu mtu." Midomo yake ilikuwa myeupe. "Tumekwisha."

Orlena akamwendea mama yake. Niliwaona wakizungumza, Orlena akiinama, Mama Zona akitikisa kichwa polepole. Alikuwa amezeeka ghafla mwaka ule, mwili umepungua ndani ya gauni lake jeusi. Orlena akarudi.

"Hataki kusikia," akasema. "Anasema ameota mwezi mzima mtoto wake anaomba jina."

Nikwambie ukweli, msomaji. Nilifurahi. Akilini nilimwona Lovina akipata jiwe lake na mimi nikishuka mlima ule nikiwa Tressie, hata kama Kina Dada Stidham wangekufa siku hiyo. Nikainamisha kichwa, nikasema moyoni, Bwana, asante, umenitolea kinywani mwangu neno nililoshindwa kulitamka.

Kwetu kuna desturi moja siku hiyo. Kabla ya chakula, mhubiri husoma majina yote ya waliolala pale juu, kaburi kwa kaburi. Kila jina likisomwa, mtu wa damu yake husimama na kujibu, "Ni wetu." Kisha huweka maua. Jina lisilojibiwa ni aibu ya bonde zima. Na kwa miaka tisa, Ndugu Enos, mhubiri wetu, alipolifikia lile jiwe la mtoni alikuwa akikohoa na kuliruka.

Akaanza kusoma. Hatuna ala za muziki kanisani kwetu, hata gitaa, kwa hiyo palikuwa kimya isipokuwa sauti yake na ya ndege.

"Harmon Stidham."

"Ni wetu," Orlena akamjibia baba yake, akasimama.

"Mtoto mchanga wa Harmon na Zona Stidham."

"Ni wetu," Mama Zona akasema.

Akaendelea, kaburi baada ya kaburi. Bwana Prentiss alikuwa amepiga goti, anabadilisha filamu. Ndugu Enos akafika kwenye blanketi. Hakukohoa. Alimtazama Mama Zona. Mama Zona akajikongoja hadi pale, akashika pembe ya blanketi, akalivuta.

Lilikuwa jiwe zuri, jeupe, lenye njiwa juu. Nililisoma mara tatu.

TRESSIE HALCOMB
1933 – 1952

Sikusikia kitu kwa muda. Niliona tu midomo ya watu.

Nilimtafuta Crigger kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya meza za chakula, kofia mkononi, mtulivu kama mtu anayesubiri mkate uive. Hakushtuka hata kidogo. Ndipo nikakumbuka gari lake lilivyokuwa limelalia nyuma.

"Mama," Orlena akanong'ona, "umefanya nini?"

"Nimemwekea jina aliyelala hapa," Mama Zona akasema, taratibu, kwa sauti iliyofika kila mahali. "Mtoto wangu mimi huimba redioni kila Jumamosi. Namsikia. Mpaka pumzi yake naisikia. Mtu hawezi kuwa redioni na kaburini."

Hadi leo sijui kama alikuwa amepotewa na akili au alikuwa na akili kutuzidi sote.

Bwana Prentiss akasogea, kalamu tayari. "Samahani, mama. Huyu Tressie alikuwa nani?"

"Binti wa jirani," Mama Zona akamjibu. "Rafiki wa Lovina wangu. Homa ilimchukua, maskini. Sauti yake haikuwa mbaya."

Akaandika. Nilimwona akiliandika jina langu, herufi kwa herufi, na mwaka wa kifo changu.

Ndugu Enos alikuwa bado ameshika karatasi. Ni mtu aliyenibatiza kijitoni nikiwa na miaka kumi na minne, akiniita Tressie mbele ya watu walewale. Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwake, na bonde zima lilikuwa linamsubiri. Akasoma.

"Tressie Halcomb."

Hakuna aliyesimama.

Watu wote waliangalia chini. Hata Mjomba Ples, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Tressie Halcomb," Ndugu Enos akarudia.

Upande wa wanawake, mtu akasimama. Nilijua ni nani kabla sijageuza kichwa.

Mama yangu alikuwa na kapu lake la maua ya nta mkononi. Alisimama wima, kama anavyosimama mtu anayeapishwa.

"Ni wangu," akasema.

Hakusema "ni wetu", kama ilivyo desturi. Alisema "ni wangu".

Kisha akaanza kutembea. Njia kutoka pale alipokuwa hadi kwenye jiwe ilipita mbele yetu, pale tulipoketi. Nilidhani atanipita. Nilimwomba Mungu mama anipite. Akafika mbele yangu, akasimama, akaliweka kapu mapajani mwangu.

"Yaweke mwenyewe, Tressie," akasema.

Hakunong'ona. Alisema kama anavyosema mtu jikoni kwake, anayemwambia binti yake alete chumvi.

Kalamu ya Bwana Prentiss ikasimama.

"Amekuita nani?" akaniuliza.

Crigger alikuwa amekwisha anza kuja, akikwepa meza, tabasamu limemkauka usoni. Dulcie alikuwa analia bila sauti. Orlena aliniminya mkono hadi mifupa ikauma, na sikujua kama ananiomba niseme au ninyamaze.

Mama Zona akanikaribia kutoka upande wa pili, blanketi la Lovina kifuani. Macho yake yalikuwa yamejaa upendo. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Ulikuwa upendo halisi.

"Jirani yetu amechanganyikiwa kwa huzuni," akamwambia mgeni. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, mwambie bwana jina lako, tukale. Kiti chako nimekutunzia."

Kushoto kwangu mama aliyenizaa, mikono mitupu. Kulia kwangu mama aliyenivika gauni. Mbele yangu jiwe lenye jina langu, na chini yake rafiki yangu asiye na jina. Kamera ikainuliwa.

Nikafumba macho. Nikamwomba Mungu kitu kimoja, kwamba neno litakalotoka liwe langu.

Nikafungua mdomo. Na kabla neno halijatoka, nikahisi kifua changu kikivuta pumzi mbili fupi, moja juu ya nyingine, kama mtoto aliyetoka kulia.